Dawa ya Minyoo Shuleni Isitozwe Hata Senti Moja

Katika mikutano ya wazazi limezuka jambo ambalo mimi kama muuguzi siwezi kulinyamazia. Tangu mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipokatisha sehemu kubwa ya misaada yake ya afya kwa nchi za nje, watu wengi wana wasiwasi juu ya dawa wanazopewa watoto wetu shuleni, zikiwemo dawa za minyoo. Basi wapo wanaopendekeza kwamba kila mzazi atoe kiasi kidogo, shilingi mia tano au elfu moja, ili dawa zisikosekane. Wanasema mtu hukithamini alichokilipia, na cha bure hudharauliwa.

Pendekezo hili linasikika kuwa la busara, na wanaolitoa ni watu wema. Hata hivyo mimi nalipinga, na nitaeleza sababu zangu kwa kirefu kidogo. Jambo lenyewe limechunguzwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 20, tena si mbali, ni kwa majirani zetu wa Busia nchini Kenya. Majibu waliyoyapata yanawahusu wazazi na walimu wote.

Kwanza tumfahamu adui. Minyoo wa tumboni ni wa aina nyingi, lakini leo nitasema zaidi juu ya mnyoo wa safura. Huyu ni mdogo, urefu wake ni kama sentimita moja. Mayai yake hutoka na haja kubwa ya mtu aliyeambukizwa. Yakiangukia udongo wenye unyevu na kivuli huanguliwa, na baada ya siku chache viluwiluwi vyake vinaweza kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Husafiri na damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na mwisho hufika kwenye utumbo mwembamba. Huko hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hanyonyi hata tone zima kwa siku. Lakini mtoto mwenye minyoo 100 anapoteza zaidi ya nusu ya kijiko cha chai cha damu kila siku, na minyoo hao huweza kuishi tumboni miaka kadhaa wasipotolewa.

Mtoto huyu haletwi hospitali, na hiki ndicho kiini cha maneno yangu yote. Malaria humwangusha mtoto kwa siku moja, na mama yake humbeba usiku huo huo akakimbia naye zahanati. Safura humpunguza mtoto polepole mpaka watu wa nyumbani wanazoea. Kope zake kwa ndani huwa nyeupe, hula udongo, husinzia darasani, na katika mpira huwa wa kwanza kukaa chini. Mara nyingi tumepima damu ya watoto wakubwa walioletwa kwa jambo jingine kabisa, huyu kachomwa na mwiba, yule anaumwa jino, tukakuta hemoglobini ya 7 au 8. Ukimwuliza mzazi kama mtoto alikuwa mgonjwa, hujibu: "Hapana, Sista, huyu ni mzima, ila mvivu tu."

Neno hili "mvivu" lina historia yake, na si ya Afrika peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu maskini wa majimbo ya kusini ya Marekani walisemwa kuwa ni wavivu kwa asili. Mwaka 1902 mtaalamu wa wadudu wa tumboni, Dk. Charles Stiles, alitoa maelezo ya mnyoo wa safura aliyekuwa akiwanyonya watu hao, na magazeti ya huko yakampa mdudu huyo jina la kijidudu cha uvivu. Jina la Kilatini alilopewa maana yake ni mwuaji wa Marekani, ingawa wengi wanasadiki kwamba alifika huko kutoka Afrika ndani ya miili ya watu waliochukuliwa utumwani. Ndiye huyu huyu anayewasumbua watoto wetu mpaka leo.

Mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola milioni 1 ili safura itokomezwe katika majimbo hayo. Watoto waliopimwa walikutwa na minyoo kwa kiasi cha asilimia 40. Wauguzi na madaktari walizunguka vijijini na dawa tangu mwaka 1910. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 2007, mchumi mmoja aitwaye Hoyt Bleakley alifukua takwimu za zamani za sensa akalinganisha wilaya na wilaya. Aliona kwamba pale palipokuwa na safura nyingi ndipo mahudhurio ya shule na kujua kusoma vilipopanda zaidi baada ya dawa. Alikadiria pia kwamba mtu aliyekua na safura utoto wake wote alipata mapato pungufu kwa kiasi cha asilimia 40 alipokuwa mtu mzima.

Hata mtu mzima ambaye tayari yuko kazini hupunguziwa mshahara na upungufu wa damu. Utafiti uliotolewa mwaka 1979 kutoka mashamba ya mpira ya Indonesia, ambako wengi wa wafanyakazi walikuwa na minyoo ya safura, ulionyesha kwamba wagema wenye damu pungufu walikinga utomvu kidogo kuliko wenzao. Walipopewa vidonge vya madini ya chuma kwa siku 60, kazi yao iliongezeka. Anayelipwa kwa kilo anajua maana ya jambo hilo, iwe ni kwenye mpira, chai au pamba.

Sasa tuje kwa jirani zetu. Busia ni mpakani mwa Kenya na Uganda, si mbali na Ziwa Victoria. Udongo wake, mvua zake na watoto wake wanaokwenda pekupeku hawana tofauti na wa kwetu. Mwaka 1998 shirika moja la misaada lenye asili ya Uholanzi lilianza kutoa dawa za minyoo katika shule za msingi 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Kwa kuwa shule zote zisingeweza kupata dawa kwa mara moja, zilipangwa kwa herufi za majina yake na kugawanywa mafungu matatu ya shule 25. Fungu la kwanza lilianza mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu lilingoja mpaka mwaka 2001. Wachumi wawili, Michael Kremer na Edward Miguel, walifuatilia tofauti. Huyo Kremer aliwahi kufundisha sekondari huko Kenya ya magharibi alipokuwa kijana, kwa hiyo hakuwa mgeni wa vumbi la huko.

Kabla ya dawa, watoto 92 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na angalau aina moja ya minyoo au kichocho. Wapimaji hawakutegemea madaftari ya mahudhurio, kwa maana sote tunajua jinsi daftari linavyoweza kujazwa. Walikwenda shuleni bila taarifa na kuhesabu vichwa. Matokeo yalikuwa kwamba utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizopata dawa. Hata watoto wa shule hizo ambao hawakumeza dawa walipata nafuu. Kati yao walikuwemo wasichana wa miaka 13 na kuendelea, ambao siku zile hawakupewa kwa hofu ya ujauzito. Watoto wa shule za jirani nao walinufaika, kwa sababu mayai ya minyoo yalipungua katika udongo ambao wote wanaukanyaga.

Lakini nisiwadanganye wasomaji: alama za mitihani hazikupanda katika miaka ile ya kwanza. Mtu angeweza kusema kazi imeishia hapo, watoto wanakuja shuleni zaidi ila hawafaulu zaidi. Wachunguzi hawakuishia hapo. Waliwaandika watoto wale kwa majina, wakawatafuta tena walipokuwa watu wazima, wengine wakiwa wamehamia Nairobi, Mombasa na hata Uganda. Kazi hiyo ya kuwasaka watu miaka na miaka mimi naistahi kuliko hesabu zenyewe, maana sisi kliniki tunashindwa kumpata mgonjwa aliyehamia kijiji cha pili.

Miaka kama kumi baadaye, wanaume waliokuwa katika shule zilizotangulia kupata dawa walikuwa wakifanya kazi saa nyingi zaidi kwa wiki kwa asilimia 17, na wengi zaidi walikuwa na ajira viwandani. Wanawake walikuwa wameingia sekondari kwa wingi zaidi kwa kiasi cha robo, na walikuwa wamehamisha nguvu zao kutoka jembe la chakula kwenda mazao ya biashara na biashara ndogondogo. Katika taarifa iliyotolewa mwaka 2021, miaka 20 baada ya dawa, waliopata dawa miaka miwili au mitatu zaidi kuliko wenzao walikuwa wakipata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 13 kwa kila saa ya kazi, na matumizi ya nyumbani yalizidi kwa asilimia 14. Kumbuka kwamba wenzao hawakunyimwa kabisa, walichelewa tu. Na taarifa ya mwaka 2023 ilisema kwamba vifo vya watoto chini ya miaka mitano, yaani watoto waliozaliwa na wanafunzi wale wa zamani, vilikuwa pungufu kwa asilimia 22. Gharama ya yote haya ilikuwa chini ya dola 1 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa ajili ya kazi zao za kupima kwa vitendo ni misaada ipi inawafaa maskini.

Wapo wataalamu wasiokubaliana na haya, na ni haki msomaji ajue. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha magonjwa ya kitropiki cha London waliyapitia upya mahesabu ya Busia wakakuta makosa kadhaa, hasa katika madai ya manufaa kwa shule zilizo mbali. Yale ya shule zilizo ndani ya kilomita 3 yalibaki. Tena, mapitio ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali yaliyotolewa mwaka huo huo yalisema kwamba kuwapa watoto wote dawa bila kuwapima hakuongezi uzito, damu wala mahudhurio kwa wastani. Huko India, uchunguzi wa watoto milioni 1 uliotolewa mwaka 2013 haukuona tofauti kubwa katika vifo.

Kwa maoni yangu neno la kuangalia hapo ni "wastani". Mahali ambapo mtoto mmoja kati ya watano ana minyoo, na hao wachache wana minyoo michache, ukigawa dawa kwa wote utaona badiliko dogo, kwa sababu wanne kati ya watano hawakuwa na cha kutibiwa. Busia walikuwa 92 kati ya 100. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri dawa itolewe mara moja kwa mwaka pale wenye minyoo wanapofika asilimia 20, na mara mbili wanapofika asilimia 50. Ubishi wa wataalamu unanifundisha kwamba tupime kinyesi cha watoto wetu, kila baada ya miaka kadhaa, tujue tuko wapi. Haunifundishi kwamba mtoto mwenye safura aachwe nayo. Hilo hata waliobisha hawakulisema.

Tuje sasa kwenye ule mchango wa shilingi mia tano. Huko Busia hili nalo lilijaribiwa. Mwaka 2001, baada ya watu kuizoea dawa kwa miaka miwili au mitatu, shule 25 zilichaguliwa wazazi wake wachangie. Shule nyingi kati ya hizo ziliombwa shilingi 30 za Kenya kwa familia nzima, hata kama ina watoto watano shuleni. Ni fedha isiyofikia nusu ya dola. Katika shule za bure watoto 75 kati ya 100 walimeza dawa. Katika shule za kuchangia walimeza 18 tu.

Mtu atasema: basi angalau hao 18 ndio wagonjwa wa kweli, ambao wazazi wao waliona haja. Sivyo ilivyokuwa. Wenye minyoo mingi hawakulipiwa zaidi ya wenye michache. Na hii haimshangazi muuguzi yeyote, kwa sababu nimekwisha kusema kwamba mnyoo huyu hapigi kelele. Mzazi atalipaje kwa ugonjwa asiouona, wakati anaona dhahiri kwamba chumvi imekwisha? Si mzembe huyo. Anapanga matumizi yake kama kila mwenye fedha kidogo anavyopanga.

Mzee mwenzangu mmoja wa halmashauri ya walei aliniambia kwamba hata hospitali za serikali zilianza kuchangisha mwaka 1993, na watu walizoea. Ni kweli walizoea, lakini mfano huo haulingani. Anayelipa kutibiwa jipu anatibiwa jipu lake mwenyewe. Anayemeza dawa ya minyoo anausafisha uwanja wa shule, njia ya kisimani na ua wa jirani. Huko Busia, watoto waliokuwa hawajatimiza mwaka mmoja wakati shule za karibu zilipopewa dawa walipimwa akili miaka kama kumi baadaye, nao walikuwa mbele ya wenzao, na wao wenyewe hawakumeza kidonge. Sasa umwombe mama mmoja alipie manufaa ya mtaa mzima? Jambo la namna hiyo hugharimiwa kwa pamoja, kwa kodi au kwa mfuko wa wote. Halikatwi kwa kichwa cha mtoto, mwenye nacho akalipa na asiye nacho akabaki na minyoo wake wa kuwarudishia wote.

Tena watu wengi hawajui kwamba vidonge vyenyewe kwa sehemu kubwa vimekuwa vikitolewa bure na viwanda vya dawa kupitia Shirika la Afya Duniani. Gharama kubwa ni kuvifikisha: mafuta ya gari, mafunzo ya walimu, fomu, posho. Hapo ndipo wenye uwezo, halmashauri na parokia wanapoweza kusaidia bila kumgusa mtoto.

Kuna jambo moja katika utafiti wa Busia ambalo halikunifurahisha. Walimu walifundishwa vizuri, na wanafunzi walihubiriwa juu ya kunawa mikono, kuvaa viatu na kutooga ziwani. Wachunguzi walipokwenda kutazama miguu na mikono hawakuona badiliko. Sisi wauguzi tunayapenda mafundisho; ndiyo sehemu ya kazi yetu isiyohitaji kuomba fedha kwa mtu. Sisemi yaachwe. Ila anayetaka kuondoa dawa ya bure kwa hoja kwamba elimu ya afya inatosha, ajue kwamba mtoto asiye na viatu hawezi kuvivaa kwa sababu amefundishwa. Na shule isiyo na maji haiwezi kunawisha mikono ya watoto mia nane kwa wimbo.

Kwa hiyo wazazi wenye moyo wa kuchangia nawaomba wachangie vitu viwili, choo na uji. Choo, kwa sababu bila choo kinachotumika, minyoo hurudi katika miezi michache, na hilo ndilo linalotulazimu kurudia dawa kila mwaka. Uji, kwa sababu ya yale yaliyotokea mkoani Morogoro mwaka 2008. Ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo mashuleni uliishia kwa vurugu, baada ya baadhi ya watoto kuumwa na uvumi kuenea kwamba watoto wamekufa. Wazazi walivamia shule, na zoezi likasimamishwa. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ni chungu, na ikimezwa na tumbo tupu huleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo. Hayo hupita kwa saa chache, lakini mzazi ambaye hakuambiwa atawezaje kujua?

Basi siku ya dawa mtoto ale kwanza. Mwalimu awaite wazazi wiki moja kabla na kuwaeleza dawa ni ya nini, na kwamba mtoto anaweza kutapika au kutoa minyoo, asishtuke. Ule ubao wa kupimia urefu utumike kwa kila mtoto anayepewa prazikwanteli, asikadiriwe kwa macho, maana idadi ya vidonge hutegemea urefu wake. Albendazoli ni kidonge kimoja tu kwa wanafunzi wote, nacho hutafunwa. Mtoto mwenye homa kali siku hiyo asubiri apone. Msichana anayehisi kuwa mjamzito amwone muuguzi faraghani kabla ya kumeza, wala asitajwe mbele ya wenzake. Wadogo wasioanza shule hupata yao kliniki pamoja na matone ya vitamini A.

Wako pia watoto ambao hawamo katika daftari la shule yoyote, wanaochunga ng'ombe za watu, wanaouza karanga stendi, wanaolea wadogo zao. Hao ndio wanaotembea pekupeku kuliko wote, na mchango wa shilingi mia tano ungewaondoa wa kwanza. Siku ya dawa waitwe nao waje shuleni. Mwalimu asiwaulize sare wala jina la darasa. Awape uji, awapime urefu, awape dawa.